Ukisema Hapana, Wanakuamini

Njaa yangu ya kwanza Ujerumani niliitafuta mwenyewe, tena kwa adabu.

Nilifika Bayreuth jioni ya Jumamosi, tarehe 30 Septemba 2023, nikiwa na begi la kilo 23, koti la kuazima na anwani ya bweni niliyoiandika kwenye karatasi kwa kuogopa simu kuzima. Kutoka Frankfurt nilipanda treni hadi Nürnberg, halafu nyingine ndogo iliyotembea saa moja hivi ikipita vijiji vyenye makanisa yenye minara iliyochongoka. Stesheni hakukuwa na mtu wa kunipokea. Barua niliyotumiwa kabla ya safari ilikuwa imesema wazi kwamba anayetaka kupokewa ajaze fomu. Fomu niliiona. Nikajiambia, mgeni hajipangii mapokezi, wenyeji wenyewe watajua la kufanya.

Jumapili ndipo nilipogundua kuwa maduka yote yamefungwa. Kwetu Muheza, hata siku ya msiba mkubwa, mangi mmoja wa duka lazima atakuwa ameacha kadirisha wazi. Pale ni mji mzima, kimya, utadhani wameambiwa wahame. Hadi saa nane mchana nilikuwa nimemaliza biskuti nilizozificha kwenye ndege. Nikasikia harufu ya vitunguu. Jikoni nikamkuta mmoja wa wenzangu watatu wa fleti, binti wa Kijerumani mrefu kama mnazi, anapika tambi na sosi ya nyanya. Tukajitambulisha, tukacheka kidogo, akaniuliza kama ningependa kula.

Nikajibu kama nilivyofunzwa tangu nina miaka minne: "Hapana, asante, nimeshiba."

Mtoto wa watu hadakii. Unakataa mara ya kwanza, mwenye chakula anasema, "Aa, kula bwana, hata kidogo," unakataa tena kwa sauti ya chini zaidi, na ya tatu unakubali kwa shingo upande huku mate yanakujaa. Nilikuwa nimeshajiweka tayari kwa raundi ya pili. Yeye akasema "sawa," akapakua sahani moja, akaketi mbele yangu, akala. Kilichobaki akakitia kwenye kopo, akaandika jina lake kwenye kifuniko, akakifungia kwenye friji.

Nililala na maji ya bomba. Usiku ule nilimwandikia mama kwamba nimepangiwa na mchoyo. Ilinichukua wiki kadhaa kuona kwamba yule binti alikuwa amenipa heshima ambayo sikuwahi kupewa nyumbani: aliamini neno langu. Nimesema nimeshiba, yeye ni nani anibishie tumbo langu?

Tuna methali kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sikudhani Wajerumani wanaijua. Jumatatu, siku yangu ya tatu, nilikuta ratiba ya usafi imebandikwa kwenye friji na jina langu limo kwa kalamu nyekundu: wiki hii, choo na bafu. Huwezi kuamini nilivyofurahi. Nilikuwa na zamu, kwa hiyo nilikuwepo. Nilikimbilia dukani siku hiyo hiyo nikanunua mchele, mayai na sabuni, na nilifanya vizuri, maana Jumanne tarehe 3 Oktoba maduka yalifungwa tena. Ni sikukuu ya muungano wa Ujerumani mbili. Nasi wa nchi ya Muungano tunaijua siku ya namna hiyo, ila kwetu mangi hafungi.

Nilikuwa mwaka wa tatu Mlimani, Dar es Salaam, nasoma Jiografia na Mazingira. Nilikwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, muhula mmoja wa baridi, Oktoba hadi Machi. Bayreuth ni mji mdogo wa watu wasiofika 80,000, kaskazini mwa Bavaria, unaojulikana duniani kwa muziki wa Wagner. Waswahili tunaujua kwa jambo jingine: kila mwaka wataalamu wa Kiswahili hukutana pale kwenye kongamano lao, na neno "Habari yako" unaweza kulisikia kwenye foleni ya chakula kutoka kwa kijana mwenye nywele za rangi ya nyasi kavu. Mara ya kwanza nilipolisikia niligeuka nikimtafuta Mtanzania. Hakuwepo.

Wiki mbili za kwanza ni za makaratasi, nami sitazirefusha. Unatakiwa kujiandikisha manispaa kwamba unaishi wapi, na ili ujiandikishe lazima uwe na karatasi ya mwenye nyumba. Bila hiyo benki inasumbua, na bila akaunti kodi hailipiki. Ni kama shanga, ukikosa moja uzi hauendi. Bima ya afya ni lazima. Wenzangu waliokuja kwa pesa zao walikuwa wametakiwa kuonyesha yuro 11,208 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo wakati ule ilimruhusu mtu kutoa 934 tu kwa mwezi. Mimi barua ya ufadhili ilisimama mahali pake. Kisha inakuja barua ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Dada mmoja kutoka Kamerun ndiye aliyenifumbua macho kwamba ada hiyo ni ya nyumba, si ya kichwa, kwa hiyo fleti ya watu wanne hugawana. Nilikuwa nimebakiza siku mbili niilipe peke yangu. Hakuna aliyenificha. Sikuuliza tu.

Na muda. Kila mtu aliyewahi kunipa ushauri, kuanzia mhadhiri hadi dereva wa bajaji, alisema jambo moja: Wajerumani na saa, mwanangu, usiwachezee! Basi siku ya kwanza ya vipindi, Oktoba 16, ratiba ikisema saa nne hadi saa sita, mimi saa nne kasoro kumi niko mlangoni. Saa nne kamili, ukumbi mtupu. Saa nne na dakika tano, mtupu. Nikaona kipindi kimeahirishwa na mimi ndiye sijapata taarifa, nikaondoka kwa unyonge kwenda kunywa chai. Kumbe vyuo vingi vya kule vina kitu kinachoitwa robo ya kitaaluma: saa nne kwenye ratiba maana yake ni saa nne na robo, na huonyeshwa kwa herufi mbili ndogo, c.t., ambazo mimi nilidhani ni jina la ukumbi. Nilikosa mhadhara wangu wa kwanza kwa kuwahi. Hiyo hadithi nimeisimulia Muheza mara nyingi na hakuna anayeiamini.

Kilichonisumbua zaidi ya baridi ni swali moja, lililokuwa likinijia kila nilipogeuka: unataka nini?

Sikiliza jinsi linavyokaa kwa Kiswahili. Kwetu swali hilo huulizwa kibaka aliyekutwa uani. Mgeni haulizwi anataka nini. Anakaribishwa, anapewa maji, anaulizwa habari za alikotoka na za watoto, na shida yake inajitokeza yenyewe taratibu kama nyoka anayetoka shimoni. Pale ni salamu. Muuza mkate anakuuliza, karani anakuuliza, mwenzako wa darasa anakuuliza. Na ukijibu "chochote tu," wanakutazama kwa huruma.

Novemba 1, 2023, Rais wao Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Vita vya Majimaji, akiomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Niliiona habari kwenye simu nikiwa kitandani na soksi mbili mbili. Rais wao yuko kwetu, mimi niko kwao. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Wiki iliyofuata, kwenye semina, mhadhiri akaona tuanze na jambo hilo, na macho ya watu kumi na nane yakanigeukia.

Nilijua la kusema, maana Majimaji hatuisomi, tunakua nayo. Nikaeleza mwaka 1905 hadi 1907, Kinjekitile wa Ngarambe na maji yake, pamba za kulimishwa kwa nguvu, Songea Mbano aliyenyongwa 1906, na jinsi mashamba yalivyochomwa makusudi hata njaa ikaua kuliko risasi, makadirio mengine yakifika watu 300,000. Kijana mmoja aliyekaa dirishani akasema, uso umemwiva, kwamba yeye amemaliza shule bila kusikia neno hilo hata mara moja. Wengine wakatikisa vichwa: nao vilevile. Mimi nilidhani labda wanajifanya. Baadaye niliona kwamba wanasema kweli, na kweli hiyo iliniumiza kuliko kama wangenibishia. Sisi tumekariri majina ya magavana wao.

Kisha msichana mmoja, kwa nia njema kabisa, akauliza: "Sasa nyinyi mnataka nini? Wewe, kwa mfano, unataka nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na tarehe, majina na idadi, lakini swali la ninachotaka mimi, mtu wa Muheza, halikuwahi kupita kichwani mwangu. Nikasema kitu kuhusu mafuvu ya wazee wetu yaliyomo kwenye makumbusho Berlin, kwamba yarudi. Septemba ileile watafiti walikuwa wametangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu wa baadhi yao huko Kilimanjaro, na familia ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, bado inatafuta kichwa chake. Lilikuwa jibu zuri. Lakini lilikuwa la kusoma gazetini. Nilirudi bwenini kwa miguu, kilomita mbili na ushee, nikijiuliza swali hilo kwa lugha tatu.

Mwezi Desemba ilikuwa zamu yangu kuwasilisha mada. Nilichagua msitu wa Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, ambako mjomba wangu analima, kilomita thelathini na kitu kutoka nyumbani. Nilijua kuna bustani ya mimea ya Wajerumani pale. Kila mtoto wa Muheza amewahi kupelekwa. Ila kwenye maktaba ile nilikuta majarida ya kilimo ya kabla ya 1914, yaliyojaa habari za mlima wetu, miti yetu na mvua yetu kwa milimita. Nilikuwa naisoma historia ya nyuma ya nyumba yetu kwa kamusi. Kwamba kituo cha Amani kilianzishwa 1902. Kwamba reli ya Tanga ilifika Muheza 1896. Kwamba mkonge uliotulisha na kutuchosha Tanga nzima ulitoka Amerika: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote yale. Nikaongeza, kwa utani, kwamba Wajerumani walituachia maneno mawili tunayoyatumia kila siku, shule na hela, na kwamba la kwanza huwa linakula la pili.

Nilipomaliza, ukumbi mzima ukaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Ko, ko, ko, ko. Moyo ulinidondoka. Kwetu meza hugongwa na mtu aliyechoka kukusikiliza. Nikaanza kukusanya karatasi zangu haraka, ndipo jirani yangu akaninong'oneza kwamba ndiyo makofi yao ya chuoni.

Wiki moja baadaye alama zikaja kwa barua pepe: 1.7.

Mlimani ukubwa wa GPA ni 5.0, na ukiwa na 1.7 unafunga virago. Nilimwandikia kaka yangu: nimepata moja nukta saba. Akajibu pole, usikate tamaa, na asubuhi yake mama akanipigia akiwa ameshaenda kuniombea dua. Siku mbili nzima nilitembea na kichwa chini. Kule alama hupandwa kutoka upande mwingine: 1.0 ndiyo kilele, 4.0 ndiyo mstari wa kuponea, na 5.0, ile tunayoiota sisi, ndiyo kufeli. Nilipomwuliza mhadhiri nimekosea wapi, alidhani nalalamika kwa kuwa nilitaka 1.3.

Baridi sitaisimulia sana, maana kila aliyefika Ulaya ana baridi yake na wote tunazidishiana. Mwanzoni mwa Desemba theluji ilianguka Bavaria hata uwanja wa ndege wa München ukafungwa. Mimi theluji haikunishinda. Lililonishinda ni giza. Jua linazama saa kumi na robo jioni, ukitoka kipindini ni usiku, na mwili unakataa kuelewa. Nilianza kulala sana na kupiga simu kidogo. Yule binti mrefu wa tambi ndiye aliyeniambia siku moja, bila kuzunguka, "Huonekani vizuri. Unataka msaada au unataka kuachwa?" Safari hii nilikuwa nimeshajifunza. Nikasema, "Nataka msaada."

Alinipeleka kwenye bustani ya mimea ya chuo. Ina hekta 16 na nyumba kubwa za vioo zenye joto. Mlango ulipofunguka miwani yangu ikapigwa ukungu, nikasimama kipofu, na pua ikanifikisha kabla ya macho: udongo uliolowa, majani yanayooza, ule uzito wa hewa ya masika. Nikavua koti, nikavua sweta. Nilipofuta miwani kulikuwa na mgomba mbele yangu. Nikaushika, nikaona aibu, nikaushika tena. Tangu hapo nilikuwa naenda kila juma kusomea pale, na walinzi walinizoea.

Njiani kurudi tulipitia supamaketi, na kwenye rafu ya maua, kati ya vyungu vya plastiki, nikaona kibao: Usambaraveilchen, 2.49. Nikakisoma mara mbili. Urujuani wa Usambara. Majani manene yenye manyoya laini, maua ya zambarau madogo. Nikamwuliza mwenzangu hiki ni nini. "Aa, hayo ni maua ya bibi," akasema. "Kila bibi anayo dirishani. Ya kizamani kidogo." Nikamwonyesha neno Usambara. Akasema hakuwahi kufikiria kwamba linamaanisha mahali; yeye alidhani ni jina tu, kama vile chumvi inavyoitwa chumvi.

"Ni kwetu," nikamwambia. "Dirisha la mama linatazama huko."

Nilinunua kimoja, na usiku nikatafuta habari zake. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, Hermann Wendland, akalipa ua jina la kitaalamu kwa heshima ya familia hiyo, Saintpaulia. Kutoka mbegu zile likaenea madirishani mwa dunia nzima, wakati huku msituni aina zake kadhaa ziko hatarini kwa kukatwa kwa miti inayozipa kivuli. Na mimi, mwanafunzi wa mazingira, mzaliwa wa Muheza, niliyewasilisha mada juu ya Amani na kugongewa meza, sikuwahi kuliona. Ninaweza kulitaja ua la taifa la Uholanzi. Lile la mlima wetu nilitambulishwa na bei.

Januari nchi nzima ilikuwa inasema inachotaka. Tarehe 8 wakulima walitoka na matrekta wakaziba barabara kwa sababu ya ruzuku ya dizeli, na mimi mtoto wa mkulima nilisimama pembeni nikihesabu: trekta moja lile lingelima kata yetu yote. Kisha madereva wa treni wakagoma, siku kadhaa mfululizo mwishoni mwa mwezi, na safari yangu ya Berlin ikafa. Nilichokipenda ni kwamba hata mgomo ulitangazwa mapema, kwa saa na tarehe, mtu ajipange. (Berlin nilienda Machi kwa basi. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wetu, nimemwona. Nimeapa sitamwandika, maana kila Mtanzania anayefika pale humwandika.)

Katikati ya yote hayo nilifanya kosa kubwa kuliko yote. Kule kuhudhuria kipindi hakukufanyi kuwa mtahiniwa. Kila mtihani unajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo wa mtandaoni, na dirisha likifungwa limefungwa. Kwa mtihani mmoja sikujiandikisha. Nilihudhuria kila wiki, nimekaa mstari wa pili, mhadhiri ananijua kwa jina, nikaona hilo latosha. Nani asiyejua kwamba nitafanya mtihani?

Nikaomba kumwona. Unajiandika kwenye orodha, unapewa dakika kumi na tano. Niliingia, nikaanza kwa kumwuliza hali. Mzima. Nikamwuliza sikukuu za Krismasi. Nzuri, asante. Nikaisifu kozi yake, na sikuwa namdanganya. Nikaeleza mfumo wa kwetu unavyokwenda, nikapitia theluji, nikagusa matrekta, nikarudi kwenye kozi. Ndivyo mtu anavyomwendea mkubwa akiwa na shida: unaizunguka nyumba kwanza kabla ya kupiga hodi. Dakika ya tisa akatazama saa ya ukutani, akauliza kwa upole, "Lakini unataka nini hasa?"

Nikameza mate. "Nilisahau kujiandikisha mtihani. Naomba unipime kwa njia nyingine."

Akasema mfumo hauwezi kufunguliwa tena. Ila kwa mwanafunzi wa kubadilishana anaweza kupokea andiko la kurasa 15 badala ya mtihani, limfikie kabla ya Machi 31, naye atasaini karatasi ya matokeo. Mada? Nikasema, maua ya Usambara na msitu yalikotoka. Akaandika kwenye kalenda. Yote hayo hayakuzidi dakika mbili. Zikabaki nne, na katika hizo nne ndipo yeye sasa akaegemea kiti na kuniuliza theluji naionaje, na kwetu matrekta yapo?

Kumbe wanazungumza. Wanazungumza baadaye, shida ikishatoka mezani.

Nilipata 1.3 kwa andiko lile. Nyumbani niliwaambia "A," kuepusha dua nyingine.

Kurudi kuna adabu yake, nami sikuwa nayo. Wiki ya kwanza Muheza, Aprili 2024, shangazi alinitembelea, akaniuliza kama nimempenda mchumba wa binti yake. Nikamjibu. Mama alinivuta jikoni kwa mkono. "Huko ulikwenda kusoma au kukatwa ulimi wa kufichia?" akaniuliza. Na nilipokataa ubwabwa kwa jirani, kwa kweli kabisa nimeshiba, nilipakuliwa sahani ya mlima, nikala nikihema. Nilitamani yule binti mrefu awepo aone.

Siku za mwisho za likizo nilipanda Amani. Mjomba alinisikiliza habari ya ua huku anachonga mpini wa jembe, hakusema kitu, kisha akanyanyuka akaniambia nimfuate. Tulishuka bondeni kwenye kijito, chini ya shamba lake la iliki, mahali penye miamba yenye ukungu na kivuli. Akanionyesha kwa kidole cha mguu. Yalikuwa pale, yamejibana kwenye nyufa, madogo kuliko ya supamaketi, rangi imefifia, yanadondokewa na maji.

"Hivi ndivyo ulivyovifuata Ulaya?" akauliza. "Hivi tunavikanyaga kila siku tukichota maji."

Nikamwambia kule kimoja ni yuro mbili na nusu. Akataka kujua ni shilingi ngapi. Nikasema karibu elfu saba. Akaguna, akachuchumaa, akatazama vizuri kwa mara ya kwanza, akatenga jani moja kwa kijiti.

"Sasa unataka nini? Nikung'olee kimoja?"

"Hapana, mjomba."

Akabaki amechuchumaa, mkono juu ya mwamba, anasubiri niseme tena.